Saa Tano Kati ya London na Kyuso

Safari yote imegharimu ng'ombe wanne, mbuzi kumi na tisa, magunia kumi na moja ya ndengu na saa tano. Nimehesabu mara mbili. Ng'ombe watazaliwa wengine, mbuzi ndio kabisa, na ndengu mvua ikiwa nzuri huota hata njiani. Zile saa tano ndizo sijui nitazitoa wapi.

Nawaandikia nyinyi wenzangu wa soko la Kyuso kwa sababu nimechoka kusimulia. Nikifungua gunia tu, mtu anakuja, anashika ndengu kama anayetaka kununua, halafu anauliza, "Mama Ndinda, kwani huko kulienda aje?" Akishajibiwa anaenda zake. Basi someni hapa. Habari za pasipoti na tiketi sitaeleza. Anayetaka kujua foleni ni nini akapange ya kwake.

Mjue kwanza kwa nini nilienda. Ndugu yangu Musembi, anayenifuata kuzaliwa, alienda London miaka kumi na miwili iliyopita. Baba alipokufa hakuja kumwaga mchanga. Mama akasimama pale kaburini mbele ya ukoo wote akasema, "Huyu aliyeshindwa kuja kumzika baba yake, naye asipate mahali pa kutua." Hiyo kwetu ni kiumo, laana ya mzazi, na hata sisi tunaoimba kwaya tulitazama chini. Tangu siku hiyo Musembi hajatua. Kazi tatu zimemkataa, mke amemkataa, na nyumba anahama kama mtu anayefukuzwa na siafu. Alituma telegramu mara tatu akisema anakuja. Hakuja.

Mwaka huu mama akaugua tumbo, likafura, na daktari akatuambia tumpeleke nyumbani. Mtu akiambiwa hivyo na daktari hahitaji mkalimani. Mama akaniita kitandani.

"Kalekye," akasema, "nataka kurudisha mdomo wangu kabla sijaufunga."

Laana ya mama hairudishwi kwa barua. Katika ukoo wetu aliyelaaniwa haingii langoni peke yake. Anashikwa mkono na mtu wa tumbo moja naye, anafikishwa mbele ya mama, mama anachukua maji mdomoni na kumtemea kifuani. Ni kazi ya dakika moja. Lakini kifua lazima kiwepo. Nilimuuliza kama haiwezekani kwa simu, pale dukani kwa Salim huko Mwingi. Mama akaniuliza:

"Na mate yatapitia wapi?"

Wa tumbo moja na Musembi nimebaki mimi tu. Nikauza nilichouza.

Kyuso mpaka Nairobi

Basi liliondoka asubuhi likiwa na watu wake, kuku wao na pancha moja ambayo ilikuwa bado haijatokea. Mto wetu tuliuvuka bila kuutazama. Mnaujua: miezi kumi ya mwaka ni mchanga, punda wanasimama katikati wakingoja visima vichimbwe, na ile zege ya kuvukia magari iko juu yake kama mkeka uliosahauliwa. Hakuna aliyesema "tumevuka mto." Ilikuwa barabara tu.

Mwingi nilishuka kumuona Salim. Babu yake alitoka pwani na mzigo wa nguo, Salim mwenyewe alizaliwa hapo hapo Mwingi, na Kikamba chake kinanishinda mimi. Dukani kwake ndiko simu iliko.

"Mama Ndinda, ukimpata Musembi nipigie," akasema. "Uniambie siku na saa. Mimi nitatuma mtu mpaka kwa mwaitu, mama yenu, ajue akae tayari lini."

"Na kama hatakubali?"

"Basi usinipigie. Nitaelewa." Halafu akaongeza, "Aki usinifanye nielewe."

Kutoka kwetu mpaka Nairobi ni kama kilomita mia mbili na ishirini. Tulitumia masaa manane, na kondakta akasema tumekimbia. Tukashukia stendi ya magari ya kwetu, ile ambayo watu wanaita Machakos Airport. Nikamwambia dereva wa teksi anipeleke uwanja wa ndege.

"Mama, si ndio hapa umefika," akasema, na wenzake wakacheka. "Ndege yako ile pale inapakiwa makaa."

Tulipatana bei kwa muda mrefu kuliko tulivyosafiri. Aliniuliza saa ngapi ndege inaondoka, ili ajue kama nina haraka anikamue. Nikamwambia sijui, sina saa. Na ni kweli. Saa ya mkononi sijawahi kuvaa. Ukienda kununua mbuzi na saa mkononi, unauziwa mbuzi kwa bei ya mtu mwenye saa. Biashara yangu yote nimeifanya mkono ukiwa mtupu, na muda nausoma kwenye ukuta wa mtu mwingine. Hiyo ni akili ya soko. Nilikwenda nayo mpaka angani.

Nairobi mpaka London

Saa ya ukutani ilisema saa tano za usiku tulipoitwa kuingia. Niliitazama mara mbili. Tulikaa ndani saa nzima kabla ya kuruka.

Kando yangu alikaa kijana mmoja wa Mbumbuni, anaitwa Kioko, anaenda kusomea mambo ya maji. Aliposikia natoka Kyuso alifurahi kama aliyepata mtu wa kumsimanga.

"Kumbe hata Kyuso mnapanda ndege! Nilisikia huko mnakula jua."

"Tunakula ndengu," nikamwambia. "Jua tunawauzia nyinyi wa Mbumbuni mkaushie maembe."

Baada ya hapo tulikuwa ndugu. Chakula kilipoletwa kilikuwa kuku wa ukubwa wa sabuni ya kipande, na mchele ambao ungeweza kuhesabiwa. Nilitoa muthokoi wangu kwenye kiondo, ule niliopika jana yake kwa kunde. Kioko akasukuma kuku wake kando. Tulikula kwa vijiko vyao vidogo mpaka yule msichana wa ndege akaja kuuliza hiyo ni nini. Kioko akamwambia ni mahindi yaliyovuliwa koti. Akaonja. Akarudi na mwenzake.

Nilimuuliza Kioko London ni mbali kiasi gani.

"Kilomita elfu sita na mia nane hivi."

"Na hii ndege inakimbia aje?"

"Kama mia nane kwa saa."

Nikasema alaa, nikafunika miguu, nikalala. Nataka msome hapo tena. Elfu sita na mia nane. Mia nane kwa saa. Namba zote mbili niliwekewa mkononi na mtu wa Mbumbuni, bure, bila kuomba, na mimi ambaye nikipewa chenji naihesabu nikiwa nimesimama hapo hapo, sikugawanya. Niliona ni maneno ya kupitisha usiku.

Tulipotua, saa ya ukuta wa London ilisema saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nikahesabu kwa vidole: kutoka saa tano mpaka saa kumi na moja na nusu, masaa sita na nusu. Nikarudia. Sita na nusu. Nikafurahi kweli. Nikajiambia London ni karibu kuliko nyumbani, ni vile tu hakuna kondakta.

London

Afisa wa pale mlangoni alikuwa mzungu mwenye masharubu ya paka. Kiingereza changu ni cha darasa la saba lakini kimefanya kazi.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kumshika mkono ndugu yangu."

"Ooh. Mkono umefanya nini?"

"Bado haujafanya kitu. Ndio nimekuja kuushika."

Akasoma makaratasi, akanitazama tena. "Utakaa siku ngapi?"

"Inategemea mkono."

Akasema pole sana, anatumaini hospitali itamtibu vizuri, akagonga muhuri. Sikumrekebisha. Mtu akikupunguzia bei bila kuombwa, unamlipa na kuondoka.

Nje baridi ilinipiga mpaka nikashangaa kama ni hewa au ni mtu. Novemba ya huko haina huruma, na mimi nilikuwa na sweta ya kanisa na leso mbili. Nikapotea kwenye treni ya chini ya ardhi, nikatoka nisipopajua, nikaingia duka la kwanza lililotundika makoti. Mwenye duka alikuwa Muhindi mzee, anashona kifungo. Nikauliza koti moja bei gani, akataja. Nikamwambia apunguze. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba hapa bei ni moja. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba bei moja ni ya kaburi tu. Akaweka sindano chini.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili, "wewe ni wa wapi?"

"Kyuso."

"Kyuso! Mimi nilikuwa na duka Zombe." Halafu akanisalimia kwa Kikamba, Kikamba cha zamani kabisa, cha wazee. Nikakaa juu ya sanduku langu.

"Sasa tuanze," akasema. "Hiyo bei niliyotaja ni ya wazungu."

"Shuka."

"Nikishuka nitaanguka."

"Anguka, nitakuokota."

"Una watoto wangapi wewe mama? Unataka wangu walale njaa?"

Wateja wawili waliingia wakatoka, hakuwatazama. Nilitoka na koti kwa nusu ya bei, na yeye ndiye aliyekuwa na machozi. Alisema tangu ahamie huko hakuna mtu aliyewahi kumwambia shuka. Akafunga duka mchana kweupe, akanipeleka kwa gari lake mpaka mtaa wa Musembi. Njiani aliniuliza kama Zombe bado kuna vumbi. Nikamwambia liko, limewekwa akiba.

Chumbani kwa Musembi

Nyumba ilikuwa ndefu na chumba chake kilikuwa juu kabisa. Nikabisha.

"Nani?"

"Kalekye."

"Kalekye yuko Kyuso."

"Hata mimi nilifikiri hivyo."

Akafungua. Nilimwacha kijana wa shingo nene, nikamkuta mtu ambaye shati linamvaa yeye. Hakunisalimia. Aliuliza, "Mwaitu amekufa?"

"Bado. Anakungoja."

Akakaa kitandani. Hakukuwa na kiti. "Dada, nimefika uwanja wa ndege mara mbili. Nikiwa na sanduku. Miguu inakataa. Nasimama hapo watu wananipita, najua kabisa natakiwa kusonga, na miguu inakataa."

"Na telegramu ya tatu?"

"Siku hiyo sikutoka kitandani."

Siku tatu nilikaa hapo. Nilipika ndengu kwenye jiko linalokula sarafu. Ukikosa sarafu, sufuria inapoa ukiitazama. Musembi alikwenda kazini kufagia, akarudi, akala, akasema ataona. Siku ya tatu ndipo akasema lile lililokuwa likimla.

"Nikifika nimkute amekufa, itakuwaje? Hapa angalau naweza kusema bado. Nikienda nikachelewa, hakuna tena wa kunitoa."

Nikasimama mbele yake nikanyoosha mkono. "Sikuja kukuita," nikasema. "Telegramu za kuita zimekwisha. Nimekuja kukushika mkono."

Alitazama mkono wangu kama anayetafuta kasoro. Halafu akaushika. Ndugu zangu, hakuuachilia. Tulikwenda kukata tiketi yake tumeshikana, tukanunua mkate tumeshikana, na watu wa London ambao hawatazamani walitutazama.

Alhamisi mchana niliingia kibanda cha simu nikiwa na sarafu zote za lile jiko. Musembi alibaki nje. Aliogopa kusikia habari za nyumbani. Salim akapatikana, sauti yake ikija kama iko ndani ya mtungi.

"Salim! Amekubali!"

"Allahu akbar! Lini?"

"Tunatoka hapa leo saa moja jioni. Ndege ni masaa sita na nusu. Ongeza hapo."

Nikamsikia akihesabu. "Saa saba na nusu usiku mko Nairobi."

"Tunangoja basi letu la saa kumi na mbili asubuhi. Saa nane kesho tuko barabarani kwetu. Mwambie mama saa tisa tuko langoni. Akae tayari."

"Umehesabu vizuri, Mama Ndinda?"

"Mara mbili."

Sarafu zikaisha.

London mpaka Nairobi

Msichana wa ndege alidhani Musembi anaogopa kuruka, kwa vile alivyonishika. Akamletea peremende. Musembi akazila zote, moja moja, akiwa amefumba macho. Miguu haikukataa. Niliitazama ikipanda zile ngazi nikajua tumeshinda, na nililala usingizi wa mtu aliyeuza gunia la mwisho.

Nilipoamka kulikuwa na mwanga dirishani. Nikadhani ni taa. Nikatazama vizuri: lilikuwa jua, jekundu, linachomoza.

"Musembi. Hili jua la saa saba usiku ni la nani?"

"Saa saba gani? Tunakaribia kutua. Huko ni saa kumi na mbili."

"Huko wapi?"

"Nyumbani." Akanigeukia. "Dada, si unajua saa za Kenya ziko mbele ya London? Kwa masaa matatu."

Nikamwambia mimi najua saa ni saa.

Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mwingine habari ya msiba. Nikaelewa mapema kuliko alivyomaliza. Nilipokwenda, saa ya ukuta wao ilinificha masaa matatu, na ile saa tuliyokaa kabla ya kuruka nikaihesabu kama safari; ndege yenyewe ilikuwa imetumia manane na nusu, sio sita na nusu. Na nilipokuwa narudi, yale matatu walikuwa wananitoza. Mbili za uongo wa kwenda, tatu za uongo wa kurudi. Tano. Tulitua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na basi letu lilikuwa limeondoka nusu saa kabla.

Nairobi mpaka mtoni

Kule stendi nilijaribu kumpigia Salim. Laini ya Mwingi ilikuwa imekatika, mvua imeangusha nguzo mahali. Basi la pili liliondoka saa tatu na kwenda mpaka Mwingi tu. Sitasimulia lilivyosimama. Kila aliyepunga mkono alisimamishiwa, na mmoja alikuwa anasalimia tu.

Musembi alikaa dirishani akitaja vitu: ule ni mlima wetu, ile ni mikonge, ile shule haikuwepo. Alikuwa kama anakaguliwa. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho ndani ya wangu. Aliniuliza mara moja tu, "Tutafika?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimeacha kuhesabu.

Mwingi tulifika saa kumi jioni. Salim alikuwa nje ya duka, funguo za pikapu mkononi.

"Basi la asubuhi lilipita hapa saa sita," akasema. "Nililipekua kiti kwa kiti. Nilifikiri nimeelewa."

Hakuniuliza kilichotokea. Alitusukuma garini. Alimtazama Musembi akasema, "Karibu nyumbani, ndugu yangu."

Tulifika mtoni jua likishuka, na mto ulikuwa umejaa.

Kwetu hapo kulikuwa hakujanyesha hata tone. Vumbi lilikuwa bado liko njiani. Ilikuwa imenyesha juu, kwa watu wengine, na maji yakateremka kwetu, mekundu, mapana, yakibeba miti mizima na mizizi yake. Ile zege ilikuwa haionekani. Wazee wawili walikuwa wamekaa ukingoni.

"Yalikuja saa ngapi?" Salim akauliza.

"Saa tisa. Basi la asubuhi lilipita likitimua vumbi."

Musembi aliingia majini. Sikumwona akiamua; niliona tu navutwa. Maji yalimfika magoti, halafu kiuno, na alikuwa bado amenishika. Salim akamkamata mshipi, wazee wakanikamata mimi, tukaanguka wote matopeni. Musembi alikuwa analia na kusema, "Si ni hapa tu, si ni pale tu." Na ilikuwa pale tu. Kilomita elfu sita na mia nane tulikuwa tumezimaliza, na hatuwezi kuvuka mahali ambapo mbuzi hulala.

Ng'ambo alikuwa Mutua, yule jirani yetu mwenye punda, amekuja kutazama maji. Nikapiga kelele mpaka koo likachanika. "Mutua! Nenda kwa mama! Mwambie Musembi yuko hapa! Mwambie nimemshika mkono!" Alisikia. Akainua fimbo, akaacha punda hapo hapo, akakimbia. Kutoka hapo mpaka kwetu ni maili sita.

Mtoni mpaka nyumbani

Kulipopambazuka maji yalikuwa bado, na Mutua alikuwa amerudi. Alisimama ng'ambo akavua kofia. Hakupiga kelele. Mtu mwenye habari njema hupiga kelele.

Musembi akaachilia mkono wangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu London.

Adhuhuri mchanga ulianza kuonekana, tukavuka, maji mapajani. Mutua akatusimulia njiani, akitembea mbele ili asitutazame.

Mama alikuwa amepata ujumbe wa Salim. Ijumaa aliamka akataka kuoshwa, yeye ambaye alikuwa hainuki. Akabebwa mpaka langoni, akakalishwa kwenye kigoda, kibuyu cha maji mapajani. Basi lilipita. Saa tisa ikapita. Alikataa uji, alikataa kurudishwa ndani. Giza likiingia Mutua akafika akihema.

"Mama, Musembi yuko mtoni."

"Mtoni."

"Ndiyo, nimemwona kwa macho yangu. Kalekye amemshika mkono."

"Wewe umemshika?"

"Hapana mama, ni maji. Yuko ng'ambo."

Mama akasema, "Telegramu nazo ziliniambia yuko njiani. Mara tatu. Mimi nataka kifua."

Akachukua maji kwenye kibuyu, akayaweka mdomoni. Alikaa nayo muda mrefu, akitazama barabara. Halafu akayatema chini. Akaomba kulazwa, na kabla ya jogoo akawa amekwisha.

Tulimzika Jumatano. Mlikuwepo, mlimwona Musembi. Alisimama nje ya ua, mchanga mkononi, akaupitisha juu ya miti ya ua kama mtu anayepitisha mzigo dirishani. Nilimnyooshea mkono nimwingize, hakuutazama. Sasa analala kwenye ghala la Mutua.

Sasa sikilizeni ninachotaka kwenu. Mama mdogo, dada yake mama anayeishi Zombe, ndiye aliyekuwa amemshika mabega pale langoni. Anaapa kwamba mama aliyatema yale maji kwa kuyanyunyiza, kama ukungu, uso ukielekea mtoni, vile mzazi anavyotemea mtoto. Anasema laana iliondoka hapo hapo, ila tu ilipitia ardhini. Mutua alikuwa mbele yake, hatua tatu. Anasema mama aliyamwaga kwa mkupuo, kama mtu anayemwaga maji ya kunawia. Nimewauliza kila mmoja peke yake, mara mbili, na hakuna anayebadilisha. Pasta wetu anasema mambo hayo yalikwisha msalabani na tusiyafukue. Salim anasema Mungu anahesabu nia, na mama aliketi pale tangu mchana. Nilitaka sana kumuamini Salim.

Mama mdogo yuko tayari kutema yeye, kwa niaba ya dada yake. Wazee wamegawanyika. Wengine wanasema mdomo wa dada ni mdomo ule ule. Wengine wanasema kama mama alikwisha kubariki, kutema tena ni kumwambia marehemu kwamba maji yake hayakutosha. Na kama hakubariki, hakuna mdomo duniani unaoweza kurudisha neno la mdomo mwingine.

Ndege ya Musembi ni Jumatano ijayo. Anasema akiondoka hivi hatarudi tena, na namuamini. Nyinyi mmezika wazazi, mnajua mambo ambayo mimi siyajui, na mimi mara hii siwezi kujihesabia. Nimshike mkono nimpeleke Zombe kwa mama mdogo, au nimwache aende na yale maji yaliyokwisha kumezwa na mchanga? Niambieni kabla ya Jumatano.